Jina la sosiete yako iandikwe ku jina lako

Wiki iliyopita mama mumoja wa Katuba alikuja kutuona ku biro. Hakukuja na makelele. Alikuwa na fakture moja mu mukono, na juu ya ile fakture kulikuwa jina la sosiete yake, numero ya telefone na adresi ya intaneti. Akaweka kidole juu ya ile adresi, akatuuliza: «Ndugu zangu, namna gani mutu anaweza kuniuzisha jina yangu mwenyewe?»

Habari yake si ndefu. Bwana yake alitumika mu mine myaka mingi. Wakati kontra iliisha, walipokea dekonti finali, na hawakuikula yote. Walinunua mashini za kushona, wakaanza kushona salopeti na jile za kazi. Makaratasi yao iko sawa: RCCM iko, numero ya kodi iko. Kisha wakaita kijana mumoja anayejua mambo ya ordinatere, akawatengenezea siti ya intaneti na adresi za mail, yote pamoja kwa dola 350. Jina likaandikwa ku fakture, ku mulango wa atelie, hata ku mugongo wa zile salopeti. Biro ya manunuzi ya mine moja ikaanza kuwaandikia kwa ile adresi.

Kisha myaka miwili, siti ikazimika. Mail hazikuingia tena. Yule kijana alikuwa amehama, na telefone yake haikupita. Wakatafuta fundi mwingine aangalie, naye akawaambia neno ambalo halikuwa limeingia mu akili yao hata siku moja: jina halikuandikwa ku jina lenu. Liliandikwa ku jina la yule kijana. Mwaka wa kulipa ulipofika, yeye hakulipa. Jina likaanguka, mutu wa inchi ya mbali akaliokota, na sasa analiuzisha dola 2 000. Mu ile miezi, komandi moja ya salopeti ilitumwa ku adresi ya zamani, ikarudi. Wale wa mine wakafikiri kama sosiete imekufa, wakanunua kwingine.

Tulipashwa kumwambia mama ukweli, hata kama unauma. Mbele ya rejista, yule aliyeokota jina hakuiba. Alikuta kiwanja bila mwenyewe, akakichukua.

Tunaandika leo juu ya hii jambo sababu tunajua kama haiko nyumba moja tu. Tangu sheria ya sous-traitance ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017, kazi za sous-traitance zimewekewa sosiete ambazo Wakongomani wako na sehemu kubwa ya kapitali yake. Mu Lubumbashi, Likasi, Fungurume na Kolwezi, familia nyingi za watumishi wa mine zinaanzisha sosiete ndogo: chakula ya watumishi, usafi, usafiri, kulehemu, nguo za kazi. Na kila mara sosiete kubwa inauliza: adresi yenu ya mail ni gani? Siti yenu iko wapi? Njo pale watu wanakimbilia kijana wa kwanza mwenye ordinatere, wanalipa, na hawaulizi jina limeandikwa ku nani.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 2003 na 2004, wakati watumishi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliondoka kwa ile tuliita departi volontere. Feza ya myaka 20 na 30 ya kazi ilipita mu mikono, na mu nyumba nyingi haikuacha kitu kinachosimama. Leo, mutu akiweka feza ya jasho lake mu sosiete, hatutaki ianguke juu ya kitu cha dola 15.

Kadastre ya majina

Watu wa mine hawana lazima ya kufundishwa muda mrefu juu ya hii kitu. Wanaijua tayari kwa jina lingine. Kila mutu hapa anajua kama yule anayechimba shimo si yeye mwenye carré. Unaweza kuchimba na kuona maleba kwa macho yako, lakini siku moja mutu atakuja na karatasi ya Cadastre Minier, na wewe utatoka. Na yule mwenye karatasi naye anapashwa kulipa haki za kila mwaka. Asipolipa, anaweza kupoteza carré.

Jina la domeni, ni vile vile. Ordinatere zote za intaneti ziko na numero, sawa numero ya telefone. Juu mutu hawezi kushika zile numero zote mu kichwa, tunaweka jina pahali pa numero. Majina yote yanaandikwa mu rejista, na kila jina liko na mutu mumoja tu aliyeliandikisha. Halinunuliwi milele. Unalikodi kwa mwaka mumoja ao myaka mingi, na unalipa tena kabla siku kuisha.

Tena tutofautishe vitu vitatu ambavyo watu wanachanganya. Jina la domeni ni parseli. Mashini inayoweka siti yako usiku na mchana, ile mafundi wanaita hebergema, ni nyumba iliyojengwa juu ya parseli. Maneno, picha na bei unazoandika ni vyombo ndani ya nyumba. Nyumba inaweza kubomoka, utajenga nyingine. Vyombo vinaweza kuibiwa, utanunua vingine. Lakini parseli ikienda, hata adresi ya mail inaenda nayo. Kijana anayekuambia «yote pamoja dola 350» anapashwa kukuonyesha hivi vitatu, kila kimoja na bei yake.

Kuchagua jina

Jina zuri ni lile mutu anaweza kuandika bila kuuliza. Kwetu hii iko nguvu kidogo, juu tunaandika kwa namna mbili: mumoja anaandika «u», mwingine «ou» sawa Wafaransa, mumoja «ch», mwingine «tsh». Fanya hivi: umupigie ndugu telefone wakati uko karibu na barabara, malori yanapita, umuambie jina mara moja tu, kisha umuombe akuandikie kwa mesaji. Fanya vile na watu watano. Kama watatu wameandika vibaya, tafuta jina lingine.

Tumia herufi za kawaida. Jina la domeni linaitika herufi, numero, na kile kistari kidogo, lakini kistari hakiwezi kuanza wala kumaliza jina. Urefu unaweza kufika alama 63, lakini nani ataandika alama 63 ku telefone ya kidole? Aksanti ya Kifaransa uache. Mutu mu Afrika ya Kusini ao China anayetaka kukuandikia hana ile kitufe ku klavie yake.

Usijifunge mu jina. Mutu anayejiita «Salopeti za Likasi» atafanya nini siku anaanza kuuzisha buti mu Kolwezi? Sisi tumeona hata inchi na jimbo zinabadilika jina. Mwaka 2015 Katanga yetu iligawanyika kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Jina la mahali ni zuri kama nguvu yako yote iko pale mahali. Kama unataka kutembea, chukua jina linaloweza kutembea pamoja nawe.

Usichukue jina la mwingine. Kuna watu wanafikiri wakiweka jina la mine kubwa ndani ya jina lao, wateja watakuja mbio. Tangu mwaka 1999 kuna kanuni ya dunia inayomruhusu mwenye marke kukunyanganya jina kama la .com, hata bila kwenda ku tribinali ya Kongo, kama ulilichukua kwa nia mbaya. Utapoteza jina, na heshima pia.

Na neno la mwisho juu ya kuchagua: usichapishe kitu kabla ya kutazama. RCCM ni rejista moja. Marke, ku ministere ya Industri, ni rejista nyingine. Majina ya domeni ni rejista ya tatu. Hizi tatu haziongei pamoja. Sosiete inaweza kupata jina ku guichet unique asubuhi, na mangaribi ikakuta kama lile jina ku intaneti liko na mutu tangu myaka kumi. Angalia zote tatu siku moja, kisha njo uende kuchora ku mulango.

.cd ao .com?

Hii swali wanatuuliza sana. Ule mukia wa .com ulianza mwaka 1985, na dunia yote inaujua. Kwa kawaida unapata jina la .com kwa dola 10 kufika 20 kwa mwaka. Mukia .cd ni wa inchi yetu, na unasema mara moja kama sosiete ni ya Kongo. Kwa mutu anayetafuta kazi za sous-traitance, ile si kitu kidogo. Usichanganye na .cg, ule ni wa ndugu zetu wa Brazzaville.

Shauri letu: kama feza inafika, chukua yote mbili, na ile moja ipeleke watu ku nyingine. Kama feza ni ya moja tu, uliza bei na masharti ya .cd kwanza, kisha uchague ile utaweza kulipa kila mwaka bila kukopa. Jina la bei ndogo linalolipwa linapita jina kubwa lililoanguka.

Vijana wetu wasisahau kama .cd yenyewe iko na historia. Wakati inchi iliitwa Zaire, mukia wetu ulikuwa .zr. Mwaka 1997 jina la inchi likabadilika, .cd ikazaliwa, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Aliyekuwa na jina la .zr alipashwa kuhama. Hata mukia wa inchi unaweza kukatika. Ni sababu nyingine ya kufuata habari ya jina lako, na kutokulala.

Hata wakubwa wanasahau

Mutu asifikiri kama mama wa Katuba alikuwa mujinga. Mwisho wa mwaka 2020 jambo kama lake lilifika ku inchi yote. Majina ya .cd yanategemea mashini zinazojibu swali: jina fulani liko ku numero gani? Sehemu ya zile mashini ilikuwa inaitwa kwa jina la scpt-network.com. Lile jina halikulipwa, likafika ku mwisho wake, likawa wazi kwa kila mutu mwenye dola chache.

Mutafiti mumoja wa usalama wa intaneti, Fredrik Almroth wa Sweden, aliliona likianguka. Akalinunua yeye mwenyewe, juu aliogopa mutu mubaya asilichukue mbele yake. Kisha akajulisha wakubwa wa .cd mu mwezi wa kwanza 2021. Yeye mwenyewe alieleza kama, kwa lile jina moja, mutu angeweza kushika karibu nusu ya safari zote za majina ya .cd: kupeleka watu ku siti za uongo, kusoma mail, kuiba maneno ya siri. Banki, ministere, sosiete, kila mutu. Mungu alisaidia, jina liliangukia mu mukono muzuri.

Kama jambo lilitokea ku mulango wa nyumba yote, itatokea ku chumba chako pia. Njo sababu tunaomba kila familia yenye sosiete ifanye haya.

Jina liandikwe ku jina la sosiete, ao la mwenye sosiete, si la fundi. Fundi anaweza kukusaidia kubonyeza vitufe, hakuna ubaya. Lakini kaa karibu naye, na pahali wanauliza «mwenyewe ni nani» andika jina lako. Baadaye unaweza kutazama mu rejista ya wazi inayoitwa Whois. Kama jina la mwenyewe limefichwa mule, mwambie fundi afungue konti mbele ya macho yako.

Adresi ya mail ya ile konti isiwe ya domeni ile ile. Hapa watu wengi wanaanguka. Jina likizimika, mail nayo inazimika, na barua ya kukukumbusha inafika ku nyumba iliyofungwa. Weka adresi nyingine unayosoma kila siku. Na numero ya telefone iwe ya SIM unayoshika, si ile utatupa wakati kreditì imekwisha.

Neno la siri lijulikane na watu wawili mu nyumba. Mutumishi wa mine anajua kwa nini: kazi ya chini ya udongo haina ahadi. Papa akikosa kurudi, mama na watoto wasibaki inje ya mulango wa sosiete yao wenyewe. Liandike ku karatasi, uweke pamoja na makaratasi ya parseli.

Uandikishane na fundi ku ukurasa mumoja: jina ni la sosiete, funguo zote zitatolewa siku ya kumaliza kazi, bei ya jina ni hii, bei ya hebergema ni hii. Fundi mwaminifu hatakataa kutia sahihi. Akikataa, umepata jibu kabla ya kutoa feza.

Lipa myaka mingi mara moja kama unaweza. Jina la .com linaweza kulipiwa kufika myaka 10. Kama unaacha karte ya banki ilipe yenyewe, hakikisha kama ile karte iko na feza ndani ile siku. Andika tarehe ku kalendari ya ukuta, mwezi mumoja mbele. Kwa .com, siku ikipita, mara nyingi kuna muda kidogo wa kulipa. Kisha kunakuja siku 30 ambazo unaweza kulikomboa kwa faini. Kisha siku 5, na jina linaachiliwa. Kwa .cd, uliza masharti yake siku ya kuandikisha, usingoje.

Kusoma jina kunaokoa feza

Hii elimu ya majina si ya wenye sosiete tu. Hata mutoto anayetafuta kazi inamfaa. Mu kambi zetu kila mwezi vijana wanapokea mesaji: mine fulani inatafuta watumishi, bonyeza hapa, tuma dola 50 za dosye. Siti inaonekana ya kweli, rangi ni zile zile, picha ya malori makubwa iko. Kitu kimoja tu hakiwezi kudanganya: jina, kama unajua kulisoma.

Jina la domeni linasomwa kutoka nyuma. Tafuta kistari cha kulala cha kwanza kinachofuata jina, kisha rudi nyuma maneno mawili. Mara nyingi pale njo kuna mwenyewe. Tuseme siti ya kweli ni sosietefulani.com. Ukiona kazi.sosietefulani.com, ile ni mulango wa nyumba ile ile. Lakini ukiona sosietefulani.com.kazi-fulani.net, mwenyewe ni kazi-fulani.net, mutu mwingine kabisa, na lile jina la mbele ni nguo ya kuazima tu. Vile vile angalia herufi moja iliyobadilishwa, «o» iliyogeuzwa sifuri, ao kistari kilichoongezwa. Na mutu yeyote akikuomba feza ili akupe kazi, ufunge telefone.

Tunaomba pia wakubwa

Kwa sosiete za mine tunaomba kitu chepesi: muandike ku milango yenu, ku barza za biro ya watumishi, majina ya kweli ya siti na mail zenu. Kibao kimoja cha rangi kitaokoa feza ya mamia ya vijana. Na wakati mail ya sous-traitant mudogo inarudi, mupige telefone mara moja kabla ya kumufuta ku liste.

Kwa Serikali: inchi iko na Kode ya Numerike tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Ni vizuri. Lakini mama wa Katuba hana lazima ya maneno ya kode. Anataka kwenda ku guichet ile ile anachukulia RCCM, na pale pale wamwambie kama jina lake liko wazi mu .cd, alipe kwa franka ao kwa feza ya telefone, apewe karatasi yenye jina lake. Kolwezi na Likasi nazo zipate vile. Mutu asilazimike kupita kwa kijana wa barabarani ili awe na jina la inchi yake.

Mama hatalinunua tena jina lake kwa dola 2 000. Alituambia atachagua lingine, fupi kupita la kwanza, na mutoto wake wa kike anayesoma ku sekondari njo ataliandikisha naye akikaa kando. Ile ya kwanza ilimfundisha kwa bei kali. Usiku wa leo, kabla ya kulala, kila mwenye sosiete amupigie fundi wake telefone, aulize swali moja tu: jina letu limeandikwa ku nani?